Gung-ho: Neno la Vikundi Lililopoteza Wenzake

Ndugu msomaji, vikundi vyetu vya Kibera na Kawangware hupata wageni mara kwa mara. Afisa anafika kwenye mkutano wa kwanza wa kikundi kipya, anakuta watu wamejaa mpaka nje ya mlango, kila mtu ameinua mkono, na mchango wa kwanza umeshakusanywa kabla hata chai haijamiminwa. Anamgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kiingereza kwamba hawa watu ni gung-ho kweli kweli. Wanachama wanatazamana. Je, tumesifiwa ama tumechekwa?

Jibu ni kwamba inawezekana ni yote mawili. Tena neno lenyewe lina historia ambayo kila kikundi cha kujisaidia kinafaa kuijua, kwa maana lilianza kama jina la vikundi kama hivi vyetu.

MAANA YAKE NA JINSI LINAVYOTUMIKA

Neno hili huandikwa gung-ho, na Mwingereza hulitamka karibu na "gang-ho". Mtu akiitwa gung-ho, maana yake ana hamu kubwa ya kuanza jambo. Hataki kungoja, hataki maneno mengi, anataka mikono iingie kazini leo. Kwa Kiswahili tungesema mtu huyo ana mori, au amepania.

Lakini sikiliza sauti ya anayelisema. Likisemwa na mtu aliyefurahi, ni sifa: hawa ni watu wa kazi, hawasukumwi. Likisemwa polepole, na labda kichwa kinatikiswa kidogo, ni onyo: hawa wanakimbilia jambo wasilolijua, watachoka njiani. Akisema kwamba yeye si gung-ho sana kuhusu mpango fulani, anataka kusema kwa upole kwamba mpango huo haujamwingia moyoni.

Tena ni neno la mazungumzo tu. Ukiandika barua ya kuomba msaada au ripoti ya kupeleka ofisini, usilitumie. Andika kwamba wanachama wako tayari kuanza, kisha uonyeshe kwa hesabu walichokwisha kufanya. Hesabu itasema mengi kuliko neno hilo.

Neno hili lina ndugu zake wawili, na ni vizuri tusiwachanganye. Mtu akisema kikundi kimeanza "hit the ground running", ni kama kusema kimetua chini miguu ikiwa tayari inakimbia, yaani kilijiandaa mapema na siku ya kwanza hakikupoteza wakati. Hiyo ni sifa tupu. Akisema kimeanza "jump the gun", hilo ni kosa: ni mkimbiaji aliyechomoka kabla bastola ya mwanzo haijalia. Sisi Wakenya tunaojua riadha tunaelewa vizuri. Katika mbio fupi, tangu 2010, mtu akichomoka mapema mara moja tu anatolewa, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote. Gung-ho husimama katikati ya hao wawili. Haikuambii kama mtu amejiandaa au hajajiandaa. Inakuambia tu kwamba ana moto.

NENO LILITOKA WAPI

Watu wengi hudhani gung-ho ni Kiingereza cha asili. Kumbe lilitoka Uchina, na lilizaliwa na vyama vya ushirika.

Mwaka 1937 majeshi ya Japani yaliivamia Uchina kwa nguvu. Viwanda vingi vilikuwa katika mji wa Shanghai na miji mingine ya pwani, na vita vikaviharibu au vikaviacha mikononi mwa adui. Mafundi walikimbilia bara na familia zao bila kazi. Nchi nayo ilihitaji vitu: nguo, viatu, vyombo, mablanketi ya askari.

Katika Shanghai alikuwako mtu wa New Zealand aitwaye Rewi Alley. Alikuwa amefika Uchina mwaka 1927, na kazi yake ilikuwa kukagua viwanda, kwa hiyo alijua mateso ya wafanyakazi. Pamoja na marafiki wa Kichina na wageni wengine, wakiwemo waandishi wawili Wamarekani, Edgar Snow na mkewe Helen Foster Snow, walipendekeza jambo hili: tusingoje kiwanda kikubwa. Tuanzishe vikundi vidogo vya mafundi vilivyotawanyika vijijini, mbali na mabomu. Kila kikundi kiwe mali ya wanachama wake, kipewe mkopo, na kifundishwe kuweka hesabu.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1938. Kati ya vikundi vya kwanza kabisa ni cha wahunzi wakimbizi katika mji wa Baoji, kaskazini magharibi ya nchi. Watu wa jua kali, tungewaita sisi. Baada yao walikuja wafumaji, washonaji viatu, wachapishaji na wengine wengi. Mablanketi ya sufu waliyoyafuma yalikwenda kuwafunika askari.

Jina lao kamili kwa Kichina lilikuwa refu, likimaanisha Vyama vya Ushirika vya Viwanda vya Uchina. Watu wakalikata wakabaki na silabi mbili, gong na he. Ya kwanza inahusu kazi, na ya pili inahusu kuungana. Wageni wakalisikia na kuliandika gung ho. Kwa hiyo, ndugu msomaji, neno hili lilipozaliwa halikuwa na habari yoyote ya haraka wala ya kukurupuka. Lilikuwa kifupi cha jina la ushirika, kama vile sisi tunavyokata jina refu la chama chetu likawa herufi nne za kuandikwa kwenye mlango.

LILIVYOPOTEZA WENZAKE

Alikuwako pia askari wa majini wa Marekani, Evans Carlson, aliyetembea Uchina wakati huo akitazama vita. Alipendezwa na jinsi watu walivyofanya kazi pamoja, na neno hilo akaondoka nalo. Mwaka 1942 alipewa kikosi chake mwenyewe katika Vita vya Pili vya Dunia, akalifanya neno hilo wito wa kikosi.

Alichofanya na neno hilo kinafaa kuangaliwa. Carlson aliitisha mikutano aliyoiita mikutano ya gung-ho. Pale askari wa chini kabisa aliweza kusimama na kusema, na afisa alieleza kwa nini kazi fulani inafanywa, si kuamuru tu. Kwa hiyo hata jeshini, mwanzoni neno lilibaki na maana ya kukaa chini pamoja kwanza, ndipo kwenda.

Agosti 1942 kikosi hicho kilishambulia kisiwa cha Makin katika Bahari ya Pasifiki, na habari zake zikaenea Marekani. Mwaka 1943 sinema ikatengenezwa juu ya shambulio hilo, na jina la sinema likawa ndilo hilo, Gung Ho! Watu waliokaa kwenye viti vya sinema hawakuona vikundi vya wahunzi. Hawakuona mikutano mirefu. Waliona vijana wakikimbia mbele huku risasi zikilia. Wakatoka wakiamini kwamba gung-ho ni kukimbia mbele. Basi maana ikahama. Kilichobaki ni ule moto wa mwanzo, na zile sehemu nyingine, kuungana, kusikilizana na kuweka hesabu, zikaanguka njiani.

Vikundi vyenyewe viliendeleaje? Vingi vilivunjika hata kabla vita havijaisha, kwa sababu bei zilipanda kupita kiasi, mikopo ikawa haba, na wanasiasa wakavivuta huku na huku. Baadaye, katika miaka ya 1980, ushirika huo ulifufuliwa, na Rewi Alley, aliyeaga dunia mwaka 1987, aliwahi kuuona ukianza tena. Lakini ulimwenguni kote watu wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba liliwahi kuwa na wenye nalo.

HARAMBEE NAYO JE?

Tusiwacheke. Sisi pia tunalo neno lililopita njia kama hiyo.

Harambee ulikuwa mwito wa watu wa kazi huko Pwani. Mzigo mzito ukivutwa, mmoja anaita, wengine wanaitikia, na wote wanavuta kwa pumzi moja. Ukivuta mapema peke yako, unajiumiza mgongo na mzigo hausogei. Ukichelewa, wenzako ndio wanaumia. Nguvu ya mwito huo ni kwamba kila mtu anavuta wakati mmoja. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akaufanya kuwa wito wa taifa, na mpaka leo umeandikwa kwenye nembo ya nchi.

Katika miaka ya 1960 na 1970 neno hilo lilijenga. Watu walileta mawe, mchanga, siku zao za kazi na shilingi chache. Katika sehemu za kati za nchi, vikundi vya kina mama vilichanga na kuezekea nyumba za wanachama mabati, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakaviita vikundi vya mabati. Hawakuishia kwenye nyumba ya mwenyekiti. Walizunguka.

Lakini moto huo ulikuwa na upande mwingine. Shule nyingi za harambee zilianzishwa kwa mashindano, kijiji hiki kisishindwe na kile. Kuta zilisimama, lakini mwalimu hakuna, vitabu hakuna, na wazazi wakabaki kulipa karo ya shule isiyoweza kuwapitisha watoto mtihani. Baadaye harambee ikageuka zaidi na zaidi kuwa mkutano wa mwanasiasa kuonyesha bahasha yake, na wananchi kulazimishwa kuchanga. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliweka mipaka juu ya jinsi maafisa hao wanavyoweza kuchangisha pesa.

Kwa hiyo maneno haya mawili, moja la Uchina na moja letu, yanafundisha kitu kimoja. Moto wa kuanza ulikuwa mali ya watu wengi waliokubaliana. Watu wakiacha kukubaliana, kinachobaki ni kelele.

MANENO YETU WENYEWE

Mitaani kwetu hatuna haja ya kuazima neno la kuonya juu ya mwanzo wa kelele. Tuna "moto wa mabua", unaowaka juu na kuzimika kabla sufuria haijachemka. Na tuna neno ambalo kila kijana analijua, "nguvu ya soda".

Hebu tulitazame hilo la soda, maana waliolitunga walikuwa na akili. Kiwandani, hewa husukumwa kwa nguvu ndani ya maji matamu, halafu kifuniko kinabanwa. Ukifungua chupa, ile hewa inatoka kwa kishindo na povu linamwagika mezani. Ukiiacha wazi kwa muda, ukirudi unakuta maji ya sukari. Soda haikuwa na nguvu yake yenyewe. Ilisukumiwa kutoka nje, na kilichoizuia kutoka ni kifuniko tu.

Vikundi vingi huanza hivyo. Kuna uvumi kwamba shirika fulani litatoa pesa, au uchaguzi umekaribia na mgombea ameahidi tangi la maji. Ndani ya wiki moja vikundi vitano vimezaliwa Gatwekera na vitatu Laini Saba, kila kimoja na mwenyekiti na muhuri. Mgeni akiondoka bila kutoa, kifuniko kimefunguka.

Sasa linganisheni na kina mama wanne wa ploti moja ambao kila mwezi wanashindwa na kodi ya nyumba, wakaamua kuwekeana akiba. Hao hawakusukumiwa hewa na mtu. Shida yao haitaondoka wiki ijayo, na kwa hiyo hamu yao haitaondoka upesi. Swali la kwanza la kujiuliza, basi, si kama tuna moto wa kutosha. Ni hili: moto wetu umetoka wapi?

HASARA HUMWANGUKIA NANI?

Watu wengine husema, hata kikundi kikivunjika si kitu, tulijaribu. Hebu tufanye hesabu tuone kama ni kweli.

Tuchukue mfano wa kikundi cha mzunguko, yaani merigoraundi, chenye wanachama 20. Kila wiki kila mmoja anatoa Sh 100, na mmoja anapokea Sh 2,000. Mzunguko mzima ni wiki 20. Siku ya kwanza wote wana mori, na wale wenye sauti kubwa wanaomba nafasi za mbele. Wale wapole wanakubali kungoja.

Wiki 12 zinapita vizuri. Kuanzia wiki ya 13, wanane kati ya wale waliokwisha kupokea wanaacha kuja. Mmoja amehama, mwingine anasema biashara imekufa, mwingine hashiki simu. Wanaobaki ni 12. Sasa kila wiki zinapatikana Sh 1,200 tu.

Mama aliyekuwa nambari 18 ameendelea kulipa kwa uaminifu. Mpaka mwisho wa mzunguko atakuwa ametoa Sh 2,000, lakini amepokea Sh 1,200. Amepoteza Sh 800. Wako wanane kama yeye, wa wiki ya 13 mpaka ya 20, kwa hiyo jumla ni Sh 6,400. Pesa hizo hazikupotea hewani. Kila mmoja wa wale wanane waliotoroka alitoa Sh 1,200 na kupokea Sh 2,000. Faida yao ya Sh 800 kila mmoja ndiyo hasara ya wale waliongoja.

Mnaona? Moto wa mwanzo ukizimika, anayeungua ni yule aliyekuwa mpole, aliyeamini, aliyekaa nyuma ya foleni. Kwa mama anayetoka Kawangware asubuhi kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua, Sh 800 si kidogo. Na mwaka ujao mkimwita kwa kikundi kingine, atasema ameshaona. Hapo mmepoteza pesa, na mmepoteza mwanachama mwaminifu kuliko wote.

UDONGO UPATILIZE UNGALI MAJI

Je, tuseme watu wasianze kwa hamu? Hapana. Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji. Sisi wa Kibera tunaujua udongo. Ukikandika ukuta wakati udongo ni laini, unashika fito na unakuwa ukuta. Ukingoja mpaka kesho, umekuwa mawe, hata ukiupiga teke.

Hamu ya mwanzo ni udongo wenye maji. Haitakaa hivyo, na si dhambi kwamba haitakaa. Mwezi wa tatu mvua itanyesha, mtoto ataugua, kibarua kitakosekana, na watu watachoka. Kwa hiyo kazi ya mwezi wa kwanza ni kuutumia ulaini huo kujenga yale ambayo yatasimama yenyewe siku watu watakapochoka. Mambo yafuatayo ni rahisi kukubaliwa wakati kila mtu anacheka, na ni magumu sana kukubaliwa baadaye:

1. Kanuni za kikundi ziandikwe katika mikutano miwili ya kwanza. Anayechelewa kulipa afanyweje? Anayehama? Anayefiwa? Ukiuliza maswali haya siku ya kwanza, hakuna anayeona umemlenga yeye. Ukiyauliza mwezi wa tatu, kuna mtu ataondoka kwa hasira.

2. Nafasi za mzunguko zipigiwe kura ya karatasi. Wenye sauti kubwa wasichukue mbele kwa sababu ya sauti. Na kila anayepokea katika nusu ya kwanza awe na mdhamini ndani ya kikundi.

3. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano. Si wote wanaosoma, lakini wote wana masikio. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, utaratibu ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao umefika hata kwetu, pesa huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote. Kufuli hizo haziwaiti watu wezi. Zinamkinga mweka hazina asishukiwe.

4. Kikundi kiandikishwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama kumi au zaidi, kanuni zilizoandikwa na maafisa waliochaguliwa. Nendeni kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Safari hizo huhitaji watu wenye nguvu ya kwenda na kurudi, basi zifanywe wakati nguvu ipo.

5. Wekeni tarehe ya kujipima, mwezi wa tatu, na mwiandike sasa hivi. Siku hiyo msifanye kazi nyingine. Kaeni mwulizane nani amepungua na kwa nini.

MFANO WA GUNIA

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya pesa tu. Tuangalie kazi ya mikono.

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilikuwa shida kubwa Kibera. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa, Solidarités, lilisaidia familia nyingi kupanda mboga kwenye magunia. Ni ufundi mzuri kwa mahali pasipo na shamba. Unajaza gunia udongo uliochanganywa na samadi, katikati unapandisha nguzo ya mawe madogo ili maji yafike mpaka chini, kisha unatoboa matundu ubavuni na kupanda sukuma wiki au spinachi kila tundu na juu pia. Nafasi ya gunia moja mlangoni inabeba miche mingi.

Mtu gung-ho akiona hivyo, siku hiyo hiyo anataka magunia kumi. Udongo anatafuta, samadi anabeba, majirani wanashangaa. Lakini kazi ya gunia si kulijaza. Kazi ya gunia ni maji, na Kibera maji mengi hununuliwa kwa mtungi. Sukuma haitavunwa mpaka wiki kadhaa zipite, na wiki zote hizo gunia linakunywa na halilipi. Mwenye magunia kumi anaanza kuhesabu mitungi, siku ya jua kali anaruka, na mwezi ukiisha ana magunia kumi makavu.

Mwenye busara anaanza na mawili. Anayapa maji yaliyooshea mboga na mchele, anaona mtungi mmoja unakwenda siku ngapi, anavuna, ndipo anaongeza la tatu. Huyo hakukosa hamu. Hamu yake aliitia kwenye kujifunza badala ya kuitia kwenye idadi. Kikundi nacho kifanye hivyo, iwe ni kuku, sabuni, choo cha kulipia au kukusanya taka. Anzeni na kile ambacho mnaweza kukihudumia hata katika wiki mbaya.

MSIWAZIME WENYE MOTO

Mwisho, neno kwa wazee na wale wenye uzoefu. Kuna tabia ya kumwambia kila kijana anayesimama na wazo, "Ah, hiyo ni nguvu ya soda." Wote wanacheka, kijana anaketi, na kikao kinaendelea kama cha mwaka jana. Maneno ya kuonya yakitumiwa ovyo yanakuwa maji ya kuzimia jiko. Na jiko lisilowashwa halipiki chochote.

Kila kikundi kinahitaji mtu wa kuwasha na mtu wa kutunza. Yule anayewasha apewe kazi za kuwasha: kwenda ofisini, kutafuta wanachama, kuuliza bei sokoni Toi au Kawangware. Yule mtulivu apewe kitabu na ufunguo. Wasipigane, kwani hakuna anayeweza kazi ya mwenzake. Wale wahunzi wa Baoji walikuwa na moto wa kutosha, ndiyo kazi yao. Lakini chuma hakikuwa jembe kwa sababu ya moto peke yake. Kulikuwa na wa kuvukuta, wa kushika koleo, na wa kupiga nyundo.

Kwa hiyo mgeni akiwaita gung-ho tena, msione haya. Mwambieni mnalijua neno hilo na lilikotoka, kisha mfungulieni kitabu cha hesabu aone.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hamu ya kikundi chetu ilitoka wapi: kwa shida yetu wenyewe, au kwa ahadi ya mtu wa nje?

2. Ni nani kati yetu atakayeumia zaidi kikundi kikivunjika leo? Tumemwekea ulinzi gani?

3. Ni jambo gani tunaloona haya kulizungumza sasa, ambalo litakuwa gumu zaidi baada ya miezi mitatu?

4. Je, kuna kijana au mama tuliyemzima kwa maneno? Tumpe kazi gani wiki hii?